Tatizo si mlaji, ni njia ya kutoka shambani

Mhariri,

Miaka yote nimekuwa msomaji wa kimya wa gazeti lako, lakini ile habari ya kwamba sisi wakazi wa Dodoma tunadharau mazao ya wakulima wetu na kukimbilia ya madukani imenishinda kumeza. Mwandishi wako alimhoji ofisa mmoja ofisini kwake, naye akatuasa tubadilike, tule vya kwetu. Sawa. Tuvipate wapi?

Huku kwetu Dodoma, maeneo ya Hombolo, Mpunguzi, Mvumi na Makutupora, zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Zikiiva haziwezi kusubiri kama mtama ghalani. Mnunuzi wa kiwanda cha divai akisema ameshatosheka, mkulima anabaki na kreti zake juani akiomba mtu yeyote wa bei yoyote. Machi, msimu huohuo wa mavuno, ingia dukani mjini: zabibu za Afrika Kusini kwenye kikasha cha plastiki, bei ya kuku wa kienyeji, na za Mvumi hakuna.

Mimi nilizifuata mwenyewe. Nilipanda gari la mpwa wangu hadi Mvumi, nikanunua ndoo mbili za zabibu, karanga kidogo, mlenda mkavu na jogoo. Mkulima alifurahi, akaniongezea kishada juu. Wakati wa kurudi tukasimamishwa kwenye kizuizi. Kijana akanisalimia vizuri tu, "Shikamoo mzee," kisha akadai ushuru wa mazao. Nikamwambia, mwanangu, hiki ni chakula cha nyumbani, na tangu bajeti ya 2017/18 mzigo usiozidi tani moja hautozwi ushuru ukitoka halmashauri moja kwenda nyingine. Akaniuliza kama nina karatasi ya kuthibitisha. Karatasi ya kuthibitisha kwamba ndoo mbili hazifiki tani! Huku anabishana nami, mkono wake umo ndooni, anachuma moja moja na kutema mbegu pembeni ya tairi letu. Jua linawaka, jogoo anahema, foleni inarefuka nyuma, na mpwa wangu ananikonyeza nitoe tu yaishe. Nikatoa. Nilipodai risiti nikaambiwa mashine haina mtandao. Ajabu ni kwamba mtandao ukikatika risiti hukwama, lakini hela hupita. Sasa huyo ndiye mlaji mnayesema anadharau vya kwetu?

Basi mrudishe mlaji huyo sokoni. Huko mkulima akishusha tenga la nyanya, bei anapangiwa na dalali ambaye hajawahi kushika jembe. Na sisi wanunuzi tunapimiwa kwa sado iliyogongwa kitako hadi kikaingia ndani, halafu juu inapambwa kilima ili tuone tumependelewa. Ukigeuza kopo unaambiwa una dharau. Magunia nayo ni lumbesa, yamevalishwa kofia na kushonewa kamba, ilhali kila msimu tunatangaziwa kwamba gunia lisizidi kilo 100. Anayeibiwa kwenye gunia ni mkulima, anayeibiwa kwenye sado ni mimi. Wa katikati anajenga nyumba mtaa wa Ilazo.

Pendekezo langu ni hili. Kila Jumamosi, saa 12 hadi saa 4 asubuhi, wakulima wapewe nafasi Nyerere Square. Kila mmoja aandike kwa chaki jina la kijiji chake na bei ya kilo. Iwepo mizani, sado zibaki nyumbani, na dalali akitaka kuja abebe kikapu apange foleni kama sisi. Yule ofisa wenu awe mteja wa kwanza, kwa hela ya mfukoni mwake.

Na mwandishi wako, kabla hajatuandika tena, apande basi la Mvumi akiwa na ndoo ya zabibu mapajani. Asitaje gazeti. Akifika kizuizini adai risiti, kisha atuandikie alichojibiwa.

Mstaafu,
Kikuyu, Dodoma