Kura 6 za Runcorn na sisi "watazamaji"

Mhariri,

Gazeti lako nalisoma miaka mingi bila kukusumbua. Yamepita mengi ya kuudhi nikanyamaza. Ile habari yenu ya uchaguzi mdogo wa Mei 2025 katika jimbo la Runcorn na Helsby, huku Uingereza, imenishinda. Mwandishi wenu kaeleza vizuri jinsi Reform UK, chama kinachopinga uhamiaji, walivyowaangusha Labour, chama tawala, kwa kura 6, yaani 12,645 kwa 12,639, tena baada ya kuhesabu upya, katika jimbo ambalo Labour walilichukua mwaka 2024 kwa tofauti ya kura 14,696. Hapo sina neno. Kisha akamalizia kwamba sisi Waafrika Mashariki tunaoishi huku "tulibaki watazamaji".

Nani kamwambia?

Tarehe 1 Mei nilitoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya kulelea wazee, nikapitia kituoni na sare yangu ya kazi. Karani akafungua pasipoti yangu ya Tanzania, akanitazama usoni, akapitisha rula kwenye daftari hadi jina langu, akanipa karatasi. Nilimpa nani ni siri yangu. Raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola mwenye kibali halali cha kuishi Uingereza anajiandikisha na kupiga kura ya ubunge. Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wote wamo. Wa kulalamika labda Mrundi na Mkongo, ambao nchi zao hazimo. Sasa kazini kwetu wenye haki hiyo tunazidi sita, na aliyekwenda ni mimi peke yangu! Mmoja alisema atalala kwanza. Mwingine eti ukipiga kura viza inaharibika. Kijana wa Mbeya akanijibu, "Dada, siasa za Wazungu na mimi wapi na wapi?" Kesho yake matokeo yalipotoka, hao hao ndio waliojaa jikoni wameshika vichwa, wanaulizana vibali vyao vitakuwaje maana Reform hawafichi wanavyowaona wahamiaji. Na wewe Mhariri unawachapia habari ya kuwahalalishia usingizi.

Halafu kuna hili la nyumbani, nalo linanikera zaidi. Mgeni kama mimi nachagua mbunge wa Waingereza, lakini kwenye uchaguzi wa Tanzania wa Oktoba 2025 sikuweza kumchagua hata diwani wa kwetu Songea, kwa sababu Mtanzania aliye nje hana pa kupigia kura. Fedha tunazotuma zinapokelewa bila kuulizwa zimepigiwa wapi muhuri.

Wakisema ni gharama, nina njia rahisi. Sherehe za Muungano huku hazikosi pilau. Wawekeni makarani wawili na sanduku moja mwanzo wa foleni ya sahani: hujapiga kura, hupakuliwi. Nawahakikishia mahudhurio yatawashinda hao wa Runcorn.

Msomaji wenu,
Cheshire, Uingereza