Si kila aliyevuka mpaka ni mhamiaji haramu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalonisumbua mimi na majirani zangu hapa Kasulu. Siku hizi mtu akikamatwa njiani akizungumza Kirundi huitwa mhamiaji haramu kabla hajaulizwa amekimbia nini, na jina hilo likishachapishwa gazetini ni vigumu kumtoka.

Sisi Waha, wenyeji wa mkoa huu wa Kigoma, tunaliona hili kwa uchungu wa pekee, kwa kuwa Kiha na Kirundi vinakaribiana mno, na wengi wetu tumewahi kushushwa kwenye basi tukatakiwa kuthibitisha uraia wetu mbele ya abiria wengine.

Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inamtambua mwomba hifadhi na kumwekea utaratibu wa kusikilizwa, na Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969, ambao nchi yetu imeuridhia, unakataza kumrudisha mtu mahali ambapo maisha au uhuru wake utakuwa hatarini. Anayekimbia vita huko Kivu, mashariki mwa Kongo, hawezi kutarajiwa kufika akiwa na pasipoti yenye mhuri.

Malalamiko ya wenyeji ninayajua na siyapuuzi. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu imekuwapo tangu mwaka 1996, misitu inayoizunguka imekwisha kwa kuni, na wapo ndugu zetu waliovamiwa na majambazi wenye silaha. Aliyetenda uhalifu ashtakiwe kwa jina lake. Lakini mkimbizi haruhusiwi kutoka kambini bila kibali, hana shamba lake, na mgawo wa chakula umepunguzwa mara kadhaa. Anayetoroka kwenda kulima mihogo ya mwenyeji kwa ujira mdogo anatafuta chakula cha watoto, na sisi tunaomwajiri tunafahamu vema ni nani anayefaidika zaidi na kibarua hicho.

Mei 2015, Warundi walipofurika Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika, meli ya MV Liemba iliwabeba kwa awamu hadi Kigoma mjini huku kipindupindu kikiwa kimekwisha kuzuka. Mabasi ya kwenda Nyarugusu yalipopita hapa, mama yangu alisimama kandokando ya barabara pamoja na wanawake wenzake wakigawa maji na ndizi. Miezi michache tu kabla ya hapo, Serikali ilikuwa imewapa vyeti vya uraia wakimbizi waliotoka Burundi mwaka 1972 na watoto wao, wapatao 162,000, ambao leo ni Watanzania wenzetu wanaolima na kupiga kura katika yaliyokuwa makazi ya wakimbizi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu.

Kwa hiyo naliomba gazeti lako kwamba, kila linapoandika habari za watu waliokamatwa karibu na mpaka, mwandishi aulize kama waliomba hifadhi na walijibiwa nini, na jibu hilo lichapwe pamoja na idadi yao.

Mkazi wa Kasulu,
Kigoma