Usitie saini kwanza

Croydon, Jumapili usiku

Kwako sahibu yangu Haji,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Ama baada ya salamu, sisi huku wazima, watoto wazima, mama yao yuko zamu ya usiku wiki nzima na anakusalimu sana. Najua nimekaa kimya tangu Idi. Simu zako niliziona, nikasema nitapiga kesho, na kesho ikazaa kesho nyengine. Nisamehe.

Leo sikuweza kungoja. Suleiman kaniletea ujumbe wa sauti wa dakika nane, saba zote anazungumzia mpira, na pale mwisho, kama mtu aliyekumbuka kitu akiwa mlangoni, akasema: "Na Haji anauza nyimbo zake." Nimeurudia ule ujumbe mara tatu. Nyimbo zote 22, kwa mkupuo mmoja, kwa yule bwana aliyekuja na karatasi, shilingi milioni 4, na zikishauzwa zimeuzwa.

Haji, usitie saini. Usome kwanza waraka huu mpaka mwisho, kisha uamue mwenyewe. Nyimbo ni zako, na paa linalovuja ni lako, mie silali chini yake.

Kilichonishtua kiasi hiki ni kitu nilichokutana nacho Agosti. Nilikwenda Royal Albert Hall, kwenye yale maonyesho ya kiangazi wanayoyaita Proms. Miaka 17 nimekuwa nikiupita ule ukumbi ndani ya basi, mkubwa, wa mviringo, na nikijua kwa yakini kwamba si pahala petu. Kumbe Proms zilipoanza mwaka 1895 zilianzishwa khasa ili mtu wa kawaida asikilize okestra kwa bei anayoimudu, na mpaka leo nafasi nyingi huwekwa kwa wanaosimama. Nililipa pauni 8. Unapanga foleni, unaingia, unasimama pale chini katikati, hatua chache kutoka kwa wapiga fidla. Waliokaa kwenye viti nyuma yako wamelipa mara kadhaa zaidi na wanaona kwa mbali.

Fidla nilizihesabu, zilipita 25. Pinde zote zinapanda pamoja, zinashuka pamoja. Nikamkumbuka marehemu Mzee Kombo alivyokuwa akisimamisha mazoezi na fidla zetu nne, eti upinde mmoja umechelewa. Angeliona lile angelilia. Kabla ya kuanza, obo, ala ya kupuliza mfano wa zumari, inatoa sauti moja ndefu na wote wanajipima kwayo, halafu ukumbi wa watu elfu tano unanyamaza. Kwetu kwenye taarabu mtu akichomwa na shairi hunyanyuka, akaenda mbele kwa madaha akamtunza mwimbaji. Hapa kuchomwa kwao ni kutulia. Hata baina ya sehemu na sehemu ya utungo hakuna makofi. Utasikia vikohozi tu, ukumbi mzima unatoa vile ulivyovizuia, kisha kimya tena. Mwanzo nilihisi baridi. Ilipofika sehemu ya tatu, sello, ile fidla kubwa ya sauti nzito, inalia peke yake juu ya wenzake, nilikuwa nimeshasahau kama miguu inauma.

Ulikuwa utungo wa Elgar, mtunzi wa Kiingereza, wa sello na okestra. Ulipopigwa mara ya kwanza, Oktoba 1919, uliharibika vibaya kwa sababu muda wa mazoezi uliliwa na kazi nyengine za usiku ule. Wewe unayegombana na vijana kila Jumanne kwa ajili ya mazoezi, hiyo iweke mfukoni uwaambie.

Basi. Pembeni yangu alisimama bibi mmoja, miaka yake karibu themanini, kajitia viatu vya kutembelea milimani ili asichoke. Wakati wa mapumziko tukazungumza. Akaniuliza nakaa wapi, nikamwambia Croydon. Akasema, "Basi wewe ni jirani wa Coleridge-Taylor." Nikamwambia simjui. Akanishika mkono, akaanza kunihadithia, na mpaka kengele ya kurudi inalia alikuwa hajamaliza.

Samuel Coleridge-Taylor, mtunzi wa muziki. Kazaliwa London mwaka 1875, mama Muingereza, baba daktari kutoka Sierra Leone aliyekuwa amesharudi Afrika Magharibi. Kalelewa Croydon na mama yake na jamaa wa mama, katika nyumba isiyo na mali. Fidla kaishika mtoto, na akiwa na miaka 15 akaingia Chuo cha Kifalme cha Muziki. Mwaka 1898 Elgar, huyu huyu wa sello, alipoombwa kazi mpya kwa tamasha la kwaya la Gloucester, akasema hana nafasi, mpeni yule kijana. Na Novemba mwaka huo huo ikaimbwa Hiawatha's Wedding Feast, kazi ya kwaya na okestra aliyoitunga juu ya shairi la Kimarekani la Hiawatha, shujaa wa wenyeji wa asili wa kule. Alikuwa na miaka 23, Haji. Mtoto wa Mwafrika, katika London ya wakati wa Malkia Victoria.

Ili uelewe kilichofuata, lazima uwaelewe hawa watu na kwaya zao. Ukiwa mbali unadhani muziki huu ni wa wenye mali na majumba. Wenye mali wamo. Lakini mizizi yake iko kwenye kwaya za miji: wafanyakazi wa viwandani, makarani, wauza maduka, walimu, wanaokutana jioni mara moja kwa wiki kufanya mazoezi. Kwaya ya Huddersfield ipo tangu 1836. Ikifika Disemba kila mji unaimba Messiah ya Handel, utungo mrefu wa kwaya juu ya Yesu, na pale kwenye Haleluya ukumbi mzima unasimama. Fundi bomba aliyekuja kututengenezea jiko anaimba besi katika kwaya ya namna hiyo, kwake ni kama mazoezi ya mpira.

Watu hao waliipenda Hiawatha mapenzi ya ajabu. Na katika kwaya kila mwimbaji hushika kitabu chake cha noti. Kwaya ya watu 200 ni vitabu 200. Hesabu miji yote ya Uingereza, kisha ongeza Marekani. Vilichapwa vikauzwa, vikachapwa tena, miaka nenda miaka rudi.

Yeye alikuwa ameshaiuza kwa wachapishaji. Moja kwa moja, haki zote. Gini 15, yaani pauni 15 na shilingi 15.

Niliposikia lile neno shilingi nikahisi kitu kifuani. Kijana hana kitu, mbele yake pana fedha mkononi, atazikataaje? Simlaumu, na wewe pia sikulaumu. Lakini tazama alivyoishi baada ya hapo. Alifundisha, aliongoza kwaya za watu, alihukumu mashindano, alipanda treni kutoka mji huu kwenda mji ule, na huko alikokwenda mara nyengine anaikuta kazi yake inaimbwa, ukumbi umejaa, na kwake haingii hata senti. Agosti 1912 alianguka stesheni ya West Croydon. Siku nne baadaye, tarehe 1 Septemba, alikufa kwa homa ya mapafu, na miaka 37 tu. Aliacha mke na watoto wawili. Ikabidi ifanywe konseti hapo hapo Albert Hall kuwachangia, na mfalme akampa mjane pauni 100 kwa mwaka.

Sasa sikiliza lililoniumiza zaidi. Kuanzia 1924 hadi vita vya 1939, Hiawatha ilichezwa Albert Hall karibu kila mwaka, waimbaji na wachezaji kwa mamia, wamevaa manyoya na ushanga, watu wakija kwa treni kutoka pande zote. Mama wa yule bibi alikuwa miongoni mwa wasichana waliocheza. Alimsimulia bintiye mpaka anakufa kwamba zile ndizo siku bora za maisha yake. Ukumbi ule ule uliochangisha kwa mjane, Haji, ukijaa watu kwa kazi ya mumewe.

West Croydon ndiyo stesheni yangu. Kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu nasimama pale nangoja treni. Tangu Agosti sijaweza kusimama bila kumfikiria. Nilikwenda na binti yangu Zuhura makaburini Bandon Hill tukalitafuta kaburi lake, na nyumba moja aliyokaa, Dagnall Park, ina kibao cha buluu cha kumkumbuka ukutani. Zuhura akaniuliza kwa nini skuli hawakumwambia kama mtu huyu alikuwa hapa. Sikuwa na jibu la kumpa.

Miaka miwili baada ya kufa kwake, mwaka 1914, kikaundwa chama cha kukusanya malipo kila utungo unapopigwa hadharani, na kisa chake kilikuwa miongoni mwa vilivyowaamsha watu. Leo hapa okestra ikipiga kazi ya mtunzi aliye hai, redio ikirusha wimbo, majina yanaandikwa na mirabaha, yaani malipo ya mtunzi, inamfuata mwenyewe. Akifa, haki inaendelea miaka 70 kwa warithi wake. Mtunzi hahitaji kuwepo ukumbini. Anahitaji tu awe hakuiuza.

Ndiyo maana narudi kwenye ile karatasi yako. Unakumbuka babu yako kule Wete alivyokuwa akikodisha mikarafuu? Mtu anakuja, anaangalia matunda juu ya mti, wanapatana bei ya msimu, anachuma, anakwenda zake. Mwaka wa pili mikarafuu iko pale pale na babu yako yuko barazani anangoja mpangaji mwengine. Hakuwahi kuuza hata mti mmoja, na shida zilimfika. Mwambie huyo bwana umkodishie. Nyimbo sita, miaka mitatu, arikodi, auze, mgawane kwa kiwango kilichoandikwa. Na jina lako libaki kila pahala. Kama kweli anazipenda atakubali kuzungumza. Kama anataka zote na milele, jiulize yeye ameona nini ndani yake ambacho wewe hukioni.

Usidhani huku wanamuziki wanakula asali. Machi 2023 BBC ilitangaza kuivunja BBC Singers, kwaya iliyokuwapo tangu 1924, na kupunguza wapigaji kwenye okestra zake. Fundi wangu wa jiko aliacha spana chini akinieleza, uso umemuiva. Watu wakaandika barua, wakatia saini, kwaya ndogo za vijijini zikapiga kelele pamoja na watunzi wakubwa, na kabla mwezi haujaisha uamuzi wa kuivunja ukasimamishwa. Nikafikiri, hawa wamepigania kwaya ambayo wengi wao wanaisikia redioni tu. Sisi za kwetu tunazisikia harusini, chini ya dirisha, mama zetu wanaziimba jikoni, na hatujawahi hata kuandika nani katunga ipi. Hili linanikosesha usingizi kweli. Ule wimbo wako wa bahari, ule wa mwaka alioolewa Bi Mwanaisha, niliusikia umepigwa sherehe moja ya Wazanzibari huku, na kijana akautaja kuwa "wimbo wa zamani, haijulikani mtunzi." Nikasimama nikasema ni wa Haji. Sijui kama walinisikia, spika zilikuwa kubwa.

Zuhura sasa yumo kwenye okestra ya vijana ya mtaa, fidla ya pili. Anataka kuupiga wimbo wako huo kwa noti. Mwalimu wake Mzungu kasema yuko tayari kuuandika, ila anauliza ile sauti yenu iliyo baina ya sauti mbili aiandikeje. Sikuweza kumwambia. Wewe utamwambia.

Fedha: nimeweka kando shilingi milioni 1 na nusu. Ijumaa nitaituma kwa jina la Suleiman ili ukazibe paa kabla ya masika. Deni tutaliongea siku nyengine, au tusiliongee.

Sasa nijibu. Hiyo karatasi imeandikwa neno gani khasa, kuuza au kupangisha? Imetaja muda? Umempa nakala za kaseti zile za zamani, au bado ziko kwenye sanduku la mama? Umeshapokea arubuni? Nyimbo mlizotunga pamoja wewe na Kombo, wanawe wanajua? Umekwenda ofisi ya hakimiliki kuziandikisha hata moja? Na mama goti lake vipi, ile dawa ilimfaa? Na Suleiman kweli kaacha sigara, au ananidanganya?

Nipigie ukimaliza kusoma, hata iwe usiku wa manane. Karatasi hiyo ifungie kabatini, ufunguo mpe mama.

Ni mie sahibu yako,
Juma