Barua kutoka Makete: Zege Lipewe Siku Zake

Makete, Njombe
Jumapili jioni

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku nyanda za juu. Natumaini ile homa imekwisha na sasa u mzima. Mimi sijambo. Mama mwenye nyumba ameniazima blanketi la pili, na nisiporudi mapema kutoka saiti huja mwenyewe mlangoni kuuliza kama nimekula.

Ujumbe wako nimeusoma tena leo baada ya kutoka kanisani. Unasema jua la Lindi limekuchosha, kwamba mafundi hawakuiti mpaka watake mtu wa kuhesabu mifuko ya saruji, kwamba viatu vya saiti ulivyopewa si saizi yako, na kwamba unataka kuomba uhamishiwe ofisini umalizie PT yako, yaani mafunzo yetu ya vitendo ya chuo, kwenye michoro. Nimeona nisikujibu kwa simu, maana nina mengi. Nakuomba sana, dada, usiondoke saiti kabla hujaliona zege lako likifunguliwa mbao.

Kazi yetu huku ni kalavati la boksi lenye midomo miwili, la kupitishia maji chini ya barabara ya kijiji inayoshuka bondeni na kupanda tena ng'ambo. Zamani palikuwa na magogo. Masika yakiyachukua, viazi vinaozea upande wa pili na wagonjwa wanavushwa mgongoni. Kila mama anayepita na mzigo wake anasimama kutuuliza: linafunguliwa lini?

Sasa sikiliza habari ya baridi. Darasani sote tuliandika kwamba zege haligandi kwa kukauka, bali kwa saruji kumenyuka na maji, na kwamba mmenyuko ule hutoa joto na wenyewe hutaka joto. Tukajibu mtihani, tukafaulu, basi. Huku nimeuona kwa macho. Asubuhi nyasi za bondeni zina sakitu nyeupe, na kipimajoto kinasoma nyuzi 3 au 4. Mhandisi mkazi haruhusu zege limwagwe mpaka joto lipite nyuzi 5 na liwe linapanda. Kokoto na mchanga vinafunikwa turubai usiku. Maji ya kuchanganyia yanapashwa moto kwenye mapipa, kwa kuni za mabaki ya mbao. Tunaanza kumwaga saa nne asubuhi, na saa nane mchana mikseri inazimwa, ili zege lipate jua la mchana kabla usiku haujaingia. Jioni linafunikwa nailoni, juu yake nyasi kavu, halafu turubai. Mara ya kwanza nilipowaona saidia fundi wakilitandika vile, kwa uangalifu, nilisimama nikawatazama hadi wakamaliza.

Kwako ni kinyume kabisa. Unasema zege linakaza kwenye toroli kabla halijafika kwenye mbao, na mtu anachukua ndoo kuongeza maji. Hapo ndipo wanapokuhitaji, hata kama hawakuiti. Unajua hesabu yake: ili kuganda, saruji inahitaji maji kama robo tu ya uzito wake. Mengine yote tunayaweka ili zege limwagike na kushindiliwa vizuri, na yanapotoka yanaacha vinyweleo. Ndoo ile inayoongezwa kwa huruma ya mkono wa fundi ndiyo inayokula nguvu ya zege, na tena haionekani kwa macho. Mwombe fomeni muanze alfajiri, au mmwage jioni. Kokoto zimwagiwe maji mapema na ziwekwe kivulini. Na pima slampu, yaani ulaini wa zege bichi, kila gari, usikubali kuambiwa "ni lilelile la jana". Koni ya milimita 300 ijazwe kwa tabaka tatu, kila tabaka michomo 25 ya fimbo. Haikuchukui hata dakika tano. Huku walianza kunizoea kwa kazi hiyo. Sasa fundi wa mikseri mwenyewe ananiita kabla hajamimina.

Lakini jambo lililonifanya nikae mezani kukuandikia ni la michemraba, vile vipande vya zege vya kupimia nguvu.

Sakafu ya juu ya kalavati ilipomwagwa, nilitengeneza michemraba kama kawaida. Mhandisi mkazi akaniambia nitengeneze na mingine. Nikadhani ni ya akiba. Akasema hapana: ya kwanza inakwenda maabara, ikae kwenye tangi la maji yenye joto la kudumu, hii ya pili ikae hapahapa, juu ya sakafu, chini ya nyasi zilezile, ilale na baridi ileile. Akaniuliza: mchemraba uliolala maabara unakuambia nini juu ya sakafu iliyolala bondeni? Nikafikiri, nikaona kweli. Unanithibitishia kwamba mchanganyiko ulikuwa sahihi. Hauniambii kama mirunda inayoishikilia sakafu inaweza kutolewa.

Siku ya saba tukaipeleka kupasuliwa. Unajua mchemraba wa milimita 150 una uso wa milimita za mraba 22,500. Kwa zege la daraja la 25, yaani newtoni 25 kwa milimita ya mraba, siku ya 28 mashine inatakiwa isukume kilonewtoni 562, karibu tani 57, kabla haujapasuka. Ile ya maabara ilifika newtoni 17 kwa milimita ya mraba, jambo la kawaida kwa siku saba. Ile iliyolala kwenye sakafu haikufika 13. Saruji moja, maji yaleyale, mikono ileile yangu, tofauti ni baridi tu. Nilishika karatasi ile nikahisi ubaridi tumboni, maana ratiba ilikuwa imeandikwa siku 14 za mirunda, na kijiji kizima kilikuwa kinazihesabu.

Mhandisi akaongeza siku, ikabidi twende mkutano wa kijiji kueleza. Aliposimama alisema maneno machache tu, kisha akanipa mimi nafasi. Mwenzangu, sijawahi kuzungumza mbele ya wazee wengi vile. Nikawasalimia "Kamwene", wakaitika kwa furaha, nikapata pumzi. Nikaweka michemraba miwili iliyopasuliwa juu ya meza ya mwenyekiti, nikaeleza kila mmoja ulilala wapi na ulivunjika kwa mzigo gani.

Usidhani walinuna. Waliuliza maswali ambayo darasani hakuna aliyeuliza. Kijana mmoja wa bodaboda: mbona msiwashe moto chini yake likapata joto? Nikamweleza kwamba moto ungelikausha upande mmoja na kulipasua, na zege likipoteza maji yake mapema halipati tena nguvu ile. Mama mmoja akataka kujua kama zege lililocheleweshwa na baridi huwa dhaifu milele. Swali zuri mno! Nikamwambia hapana, maadamu halikuganda barafu likiwa bichi. Linafika, ila linachelewa. Mzee mmoja wa nyuma akasema, kumbe ni kama viazi vya mbegu, baridi inavichelewesha kuchipua lakini haivinyimi mazao. Watu wakapiga makofi, na mimi pia.

Yaani wale wanaolihitaji zaidi ndio waliokubali kusubiri. Wanaume wakatoka kesho yake kurekebisha mchepuko wa mawe ili pikipiki zipite. Fuso za viazi zinasimama ng'ambo na magunia yanabebwa kwa mabega mpaka huku. Ni kazi nzito, na ni gharama yao. Kila nikiona gunia linavuka najua linabebwa kwa sababu ya karatasi niliyoileta mimi kutoka maabara. Imenifanya niandike kila kipimo kwenye kitabu changu cha PT kwa namna nyingine kabisa: saa, joto la hewa, joto la zege, nani alikuwa kwenye mikseri.

Ndiyo maana nakusihi ubaki. Michoro tutaifanya maisha yetu yote. Tukimaliza chuo, mafunzo ya wahandisi wahitimu chini ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi ni miaka 3 mizima, na ofisi zitakuwepo. Lakini hivi sasa, huko Lindi, kuna zege linamwagwa juani na wewe ndiye pekee pale mwenye kipimajoto na nafasi ya kuuliza. Mafundi hawakuiti kwa sababu hawajui bado unafaa kwa nini. Kesho fika kabla yao. Kaa na fundi wa nondo umuulize kwa nini anafunga vile, na umsaidie kufunga. Mimi huyo wa kwetu ndiye aliyenionyesha sehemu ambayo nondo zilikuwa zimesogea karibu mno na mbao, kabla hata sijatoa mchoro mfukoni. Kuhusu viatu, usione haya kudai saizi yako. Mimi nilidai nikapewa.

Nikuombe jambo moja la kazi. Tengeneza michemraba ya ziada uiache kando ya zege lenu, chini ya magunia mabichi, kama tulivyofanya huku, lakini kwanza mwombe mhandisi wako ruhusa. Andika joto la mchana na la usiku. Nami nitakutumia namba zangu zote za siku ya saba, ya 14 na ya 28, tuziweke pamoja kwenye ripoti zetu: Makete na Lindi, baridi na jua. Mhadhiri akija kutukagua atakuwa na kitu cha kutuuliza.

Michemraba ya saiti inayofuata inapasuliwa Alhamisi. Ikifika kiwango alichoweka mhandisi, mirunda inatolewa Jumamosi, nami nitakupigia simu kutoka chini ya kalavati ikiwa mtandao utakubali. Msalimie mama, mwambie korosho alizoniahidi nazisubiri; nami nikishuka nitakuletea matufaa ya huku. Nijibu kabla ya Alhamisi uniambie umeamua nini.

Ni mimi rafiki yako akupendaye.