Salamu za Krismasi na Mwaka Mpya kwa Wasomaji wa Dodoma

Mbukwenyi, ndugu zetu wa Dodoma, pamoja na nyote mliorudi nyumbani kwa sikukuu. Heri ya Krismasi, na Mwaka Mpya uwakute salama.

Krismasi ya huku kwetu huangukia kwenye mvua za kwanza. Watu wako mashambani, na simu zimejaa ushauri wa kilimo, tiba na mapishi kutoka kwa watu wenye nia njema. Mwingi hauna mahali wala tarehe, na hapo ndipo maarifa yanapoharibika. Chukua ujumbe usemao "pandeni mahindi Machi". Kwa aliye Pwani au Arusha, penye vuli na masika, hauna kasoro. Dodoma tuna msimu mmoja tu, Desemba hadi Aprili hivi. Anayesubiri Machi atapanda mvua ikiwa inaaga, na mahindi yatakauka kabla ya kubeba. Aliyeandika hakudanganya, hakutaja tu yuko wapi.

Kosa la namna hii lilishatugharimu sana hapa Kongwa. Mwaka 1947 Waingereza walileta matrekta kulima karanga kwa maelfu ya ekari. Mvua zilikuwa haba, jambo ambalo Mgogo yeyote angewaeleza, na udongo wa mfinyanzi ulikauka ukawa mgumu kiasi kwamba kung'oa karanga ikawa kazi nzito. Mwaka 1951 mradi ukafungwa. Fedha na mitambo vilikuwepo, kilichokosekana ni kuijua Kongwa yenyewe.

Basi likizo hii, mkiwa na bibi na babu, andikeni wanayoyajua, lakini andikeni kwa vipimo. Ukimuuliza bibi mlenda mkavu unapikwaje, atakwambia "unatia kiasi". Usimsumbue akutajie gramu. Mwombe amimine kiganja chake kwenye sahani kwanza, upime kwa kijiko, ndipo auingize kwenye sufuria. Maji nayo pimeni kwa kikombe kilekile mtakachoendelea kukitumia, maana vikombe vya nyumba moja havilingani. Kisha swali ambalo wengi hulisahau: ukiharibika, huwa umeharibikaje? Umefanya mabonge, umekuwa mzito, magadi yamezidi? Jibu la swali hilo ndilo litakalomsaidia mpishi mgeni, kwani anayeanza huanzia kwenye kuharibu. Juu ya ukurasa wekeni kijiji, mwezi na mwaka. Jina la mzee liandikwe akiridhia.

Kurekodi kwa simu ni kuzuri, ila upepo wa Dodoma hauna huruma. Kaeni ndani au nyuma ya ukuta, simu iwe karibu na mdomo wa msemaji, na jaribuni dakika moja mkaisikilize kabla ya kuendelea. Faili lipewe jina siku hiyohiyo. Likiachwa na namba zake, mwezi wa pili hakuna atakayejua ni la nani.

Kusoma nako kuna namna yake. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, vikundi vilikusanyika kusikiliza redio na kusoma kijitabu, vikajadiliana, halafu watu wakaenda kuchimba vyoo. Mpangilio huo bado unafaa sebuleni: mmoja asome kwa sauti kurasa 3 au 4, kitabu kifungwe, mwingine aeleze kwa maneno yake, ndipo mjadala uanze. Msianze na msomaji hodari, wengine watanyamaza. Mtoto anayesoma polepole apewe ukurasa wake mapema aupitie peke yake. Na kila kikao kimalizike kwa kukubaliana jambo moja la kufanya. Bila hilo, tunavyoona sisi, yanabaki maongezi tu (nayo si mabaya siku ya pilau).

Vitabu vyenyewe vinahitaji jicho msimu huu. Rafu isigusane na ukuta, iache nafasi ya vidole vinne ili hewa ipite na njia za udongo za mchwa zionekane. Kitabu kilicholowa kisianikwe kwenye jua kali, kitajikunja. Kisimamishwe kivulini kurasa zikiwa wazi.

Wanaoelekea Kondoa, Mpwapwa, Manyoni na Singida, safari njema. Daftari liwekwe kwenye kopo lenye mfuniko, makorongo yakijaa huwa hayabishi hodi. Krismasi njema kwenu nyote.