Ziwa lilipimwa, watu hawakuambiwa

Mhariri,

Sina kawaida ya kuandika magazetini, lakini makala yenu kuhusu mafuriko ya Sikkim, India, imenikera. Mnasema ziwa la South Lhonak lilipasuka ghafla. Ghafla gani? Ziwa hilo liko zaidi ya mita 5,000 juu ya usawa wa bahari, na wanasayansi walikuwa wakilitazama kwa setilaiti miaka na miaka, likizidi kupanuka kadiri barafu inavyoyeyuka. Mwaka 2016 yalipelekwa mabomba ya kulipunguza maji. Septemba 2023 wataalamu wakapanda tena, wakasimika kamera na vifaa vya hali ya hewa. Vilikuwa vya kupima tu. King'ora cha kuwaamsha watu hakikuwepo. Usiku wa Oktoba 3, ukingo wa mawe na udongo ulioganda ukaporomokea ziwani, wimbi likavunja kizuizi, maji yakateremka hadi Chungthang na kulisomba bwawa la umeme la Teesta III, lenye kimo cha mita 60. Watu 55 walifariki, wengine zaidi ya 70 hawajaonekana.

Nilipokuwa mwanafunzi wa uhandisi wa maji huko India tulitembezwa kwenye bwawa jingine la milimani. Nikaona king'ora kimefungwa kwa karatasi ya nailoni, kamba imekazwa. Nikauliza hujaribiwa lini. Mwenyeji wetu akajibu kwamba hakijaribiwi, kinawatia watu hofu bure. Chini yake, ukingoni kabisa mwa mto, palikuwa na shule, na watoto walikuwa uwanjani wakicheza! Mtu anathubutuje kulinda utulivu wa kijiji kwa kukinyima nafasi ya kukimbia? Hasira ile sijaisahau mpaka leo.

Hata kwetu Kenya, bwawa la Solai lilipobomoka Mei 2018 na kuua watu zaidi ya 40, wapo waliokimbilia kuilaumu mvua. Mvua haijengi kingo za mabwawa.

Januari 2025 jopo la wataalamu wa serikali ya India lilipendekeza Teesta III ijengwe upya, na safari hii ukuta ukaribie mara mbili ya ule wa kwanza. Basi lisijazwe maji mpaka king'ora chake kilie saa nane usiku na kusikika katika soko la mwisho bondeni. Mashahidi wawe akina mama wauza mboga wa soko hilo, na waweke sahihi zao. Nanyi mtakapoandika habari za ujenzi huo, ulizeni king'ora kabla ya kuuliza megawati.

Mhandisi mstaafu wa maji,
Nakuru