Barua ya wazi kwa Waziri wa Michezo: Wazee wa soka la Dar wahojiwe wangali hai

Mheshimiwa Waziri,

Salaam. Mimi ni shabiki wa Yanga, mkazi wa Temeke, na ninaloliomba leo huenda likawafaa zaidi watani wetu wa Msimbazi, Simba, kuliko sisi. Naomba wizara yako ianze kurekodi simulizi za wachezaji, makocha, waamuzi na watangazaji wa soka la Dar es Salaam, kisha simulizi hizo zitengewe chumba Uwanja wa Uhuru. Pale ndipo bendera ya Tanganyika ilipopandishwa Desemba 1961, na pale ndipo jiji hili lilipofurahia na kulia kwa miaka mingi kabla Uwanja wa Mkapa haujafunguliwa mwaka 2007.

Chukua mwaka 1979. Simba ilichapwa 4-0 na Mufulira Wanderers ya Zambia, tena nyumbani. Ukifungwa manne kwako kwenye michuano ya Afrika, safari ya marudiano huwa ni kukamilisha ratiba tu. Simba wakaenda Zambia wakapindua meza: 5-0, Thuweni Ally peke yake akitupia matatu. Matokeo hayo kila mpenda soka anayajua. Lakini kambini kulisemwa nini kati ya mechi ya kwanza na ya pili? Nani alisimama mbele ya vijana waliotoka kuzomewa, na akawaambia nini hadi wakaamini? Kikosi kilibadilishwaje? Mambo hayo hayamo kwenye msimamo wala kwenye takwimu. Yamo vichwani mwa watu ambao leo ni wazee, na kila mwaka tunasoma tanzia.

Sizungumzi kwa kukisia. Mwaka 2003 Simba iliivua ubingwa wa Afrika Zamalek, Cairo, kwa penalti, Juma Kaseja akiwa langoni. Aliyepiga penalti ya mwisho ni Christopher Alex. Alitembea kutoka katikati ya uwanja akiwa amebeba nchi nzima mabegani, akafunga. Alifariki mwaka 2015. Natamani kijana wa leo angeweza kubonyeza kitufe akamsikia kwa sauti yake mwenyewe akieleza alichokiona alipouweka mpira chini.

Fainali ya Kombe la CAF ya 1993 nayo tumeiacha kwenye utani. Simba walitoka Abidjan na sare ya 0-0 dhidi ya Stella, uwanja wetu ukafurika, Rais Mwinyi akiwepo, kisha Boli Zozo akafunga mara mbili na kombe likaondoka. Sisi Yanga wa Jangwani tumelifanya jina la Boli Zozo kijembe kwa zaidi ya miaka 30. Ni haki yetu. Hata hivyo, ile ndiyo mara ya kwanza klabu ya Tanzania kucheza fainali ya Afrika, na waliocheza siku ile wanastahili kuulizwa kwa heshima.

Yanga nasi tuna yetu. Mwaka 1969 tulitoka sare na Asante Kotoko nyumbani na ugenini, kura ikatutoa. Mwaka 2023 tuliifunga USM Alger 1-0 kwao, Djigui Diarra akapangua penalti, tukakosa Kombe la Shirikisho kwa kanuni ya mabao ya ugenini, kwa kuwa Dar walishatufunga 2-1. Na siku ya mechi hiyo ya Dar, shabiki mmoja alipoteza maisha kwenye msongamano nje ya Uwanja wa Mkapa. Naye awekwe kwenye kumbukumbu hizo.

Zile 6-0 Simba walizotufunga Julai 19, 1977, Kibadeni akifunga matatu, ziwekwe pia, zinavyoniuma. Ziwekwe karibu na 5-0 tuliyowafunga wao 1968, watu wabishane papo hapo.

Mheshimiwa, kazi hii haihitaji kusubiri jengo. Inaweza kuanza kwa kuwaomba TBC wapekue kanda za Radio Tanzania waone ni matangazo gani ya mpira yamesalia. Mashabiki wa mikoani, waliokuwa wakiizunguka redio moja mtaa mzima, waliziona mechi hizi kwa sauti ya mtangazaji tu. Fainali za Mataifa ya Afrika za 2027 tumepewa kuziandaa pamoja na Kenya na Uganda, na wageni watataka kujua jiji hili limetoka wapi kisoka.

Wazee wenyewe hawajapotea. Matawi ya Simba na Yanga yanawajua majumbani kwao, Kariakoo, Ilala, Magomeni, Keko, na waliorudi mikoani yanajua namba za watoto wao. Wizara ikitoa kinasa sauti, nauli na watu wawili wanaojua kuuliza maswali na kunyamaza wakisikiliza, sisi wa matawi tutawapeleka hadi mlangoni.

Natanguliza shukrani.

Mwananchi, Temeke